Mkwe Majini

Mambo mawili Cornelius Odwori hakuyafanyia mzaha: sala na ukwe.

Sala alifundishwa na mama yake huko Busia, upande wa Kenya, kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Ukwe alijifunza akiwa mtu mzima, siku alipovuka mpaka kwenda Merikit, karibu na Tororo nchini Uganda, kumposa Prossy Athieno, na wazee wakamketisha kumweleza mambo ambayo mkwe hafanyi. Hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Halali chini ya paa lake, hata inyeshe mvua ya mawe. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mwingine akapita. Na ikitokea mama mkwe akamwona mkwe wake bila nguo, au na nguo pungufu, hilo si jambo la kuombana radhi. Ni jambo la mbuzi na la wazee, na litasimuliwa kijiji kizima mpaka wajukuu waoe.

Miaka kumi na miwili Cornelius alikuwa ameyashika hayo yote kama alivyoishika kazi yake. Alikuwa fundi wa mizani. Wauza mahindi wa pande zote mbili za mpaka walimletea mizani zao, kwa kuwa ilijulikana kwamba mizani iliyopita mikononi mwake haimpendelei muuzaji wala mnunuzi. Merikit alikwenda kila Januari, amevaa koti na tai katika jua la kuchoma utosi, akaketi katika nyumba ya shemeji yake kula kuku peke yake, huku mama mkwe akiwa nyumba ya pili. Mama mkwe huyo, Mama Akumu, alimjua Cornelius kwa kikohozi tu. Naye Cornelius alimjua kwa sauti, maana Mama Akumu aliongoza maombi kanisani kwao, na sauti yake haikuwahi kuhitaji spika.

Tatizo lilikuwa ahadi. Binti wa Cornelius, Bridgit, alikuwa ameahidiwa bwawa la kuogelea tangu gredi ya nne, na sasa alikuwa gredi ya sita. Kila likizo wakisema watakwenda Tororo kuogelea na kupanda ule mwamba mkubwa wa mji, safari ilimezwa na Merikit: shangazi huyu asalimiwe, mjomba yule aonyeshwe watoto, na likizo ikaisha wakiwa wamekunywa chai katika nyumba tisa. Mwamba waliuona kwa mbali, kama walivyouona kutoka Busia siku za anga safi, bila gharama yoyote.

Ilipokaribia wikendi ndefu ya Mashujaa, Cornelius akakata shauri.

"Mama asijue," alimwambia mkewe.

Prossy alikuwa akipiga pasi. Aliinua pasi, asije akaunguza nguo kwa mshangao. "Baba Bridgit, Tororo ni kwetu. Utapita mlangoni kwa watu ukinyata kama mwizi wa kuku?"

"Tukisema tunakuja, hiyo si likizo tena. Nitavaa koti siku tatu."

"Na mtu akituona?"

"Nani? Mashujaa ni sikukuu ya Kenya. Waganda watakuwa na shughuli zao."

Prossy akacheka kicheko cha mtu anayewajua Waganda.

Asubuhi ya Jumamosi Cornelius aliwakusanya sebuleni, akaomba sala ya safari. "Bwana, tufiche chini ya mbawa zako, jicho la mtu lisituone." Ni sala aliyoiomba kila safari, ila siku hiyo alikaza sauti kwenye lile neno la kufichwa. Watoto wakaitikia Amina bila kujua wameitikia nini.

Mpakani, afisa aliyepokea karatasi zao aliuliza, "Mnakwenda msiba?"

"Hapana, afande."

"Harusi?"

"Tunatembea tu. Tororo."

Afisa akawatazama mmoja mmoja, kana kwamba katika miaka yake yote pale hajawahi kumwona mtu wa Busia akienda Tororo kutembea tu. Sydney, kitinda mimba wa miaka sita, akaona amsaidie baba yake.

"Hatuendi kwa nyanya!" akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni ya malori.

Hoteli ilikuwa chini ya mwamba, ndogo, safi, na bwawa lilikuwa la buluu kuliko hata walivyolichora watoto vichwani. Mlinzi wa bwawa alikuwa mzee Akol, askari mstaafu aliyevaa kofia na kuning'iniza filimbi shingoni, na ambaye hakumwamini mtu yeyote aliyekuwa ndani ya maji. Prossy hakutaka kulowa. Alikwenda mjini kusuka nywele, akaondoka na ufunguo wa chumba katika mkoba wake, wala hakuna aliyelifikiria hilo.

Cornelius alivua shati na suruali akaviweka juu ya kiti chini ya mwavuli. Akabaki na kaptura aliyoinunua kwenye mitumba ya Busia, nyekundu, yenye mananasi makubwa ya manjano. Aliiona kuwa ya kufaa, kwa vile mtu aliyemjua hangeiona. Akaingia majini. Hakujua kuogelea, lakini upande ule maji yalimfika kifuani, na Bridgit alipoanza kupiga miguu huku amemshika mabegani, akicheka mpaka anameza maji, Cornelius alimshukuru Mungu kwa sauti. Miaka miwili ahadi ile ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa saa nne hivi wakati basi dogo liliposimama langoni. Wakashuka kina mama thelathini na zaidi, wamevaa sare ya buluu na vitambaa vyeupe kichwani. Walikuwa na semina ya malezi katika ukumbi wa hoteli. Lakini ukumbini umeme ulikuwa umepotea, joto lilikuwa la tanuri, na meneja akaona ni hekima kuwahamishia kwenye kivuli cha bwawani.

Cornelius alimsikia kabla ya kumwona.

"Bwana asifiwe, kina mama! Ingia, ingia, kaa popote!"

Ilikuwa ile sauti isiyohitaji spika. Akashuka majini mpaka shingoni. Alikuwa ameomba afichwe, na sasa alikuwa amefichwa, ila kichwa.

Mama Akumu, mwanamke mnene wa miaka sitini na ushei, alikwenda moja kwa moja kwenye meza iliyokuwa chini ya mwavuli. Juu ya kiti akakuta nguo za mwanamume. Akaziinua azisogeze, kisha mkono ukasimama hewani. Shati lilikuwa la kitenge chenye njiwa weupe. Mama Akumu alikuwa amekichagua kitenge hicho mwenyewe, akamkalia fundi cherehani mabegani mpaka shati likaisha, akalituma Busia wakati wa Krismasi kwa mkwe wake. Shati la pili la namna hiyo halikuwapo duniani.

Akalitazama shati. Akaanza kuyatazama maji, akakatisha shingo katikati ya safari. Kisha, taratibu, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akaketi akiwa amelipa bwawa mgongo wake mpana wa buluu.

Hapo Cornelius akajua kwamba mama mkwe anajua. Alijua pia kwamba hajaona. Na madhali hajaona, hakuna kilichotendeka. Hakuna mbuzi, hakuna wazee. Ilibaki kazi ya kutokuona tu, na kazi hiyo haikuwa ndogo. Ngazi ya kutokea majini ilikuwa upande wa kina mama. Nguo zake zilikuwa juu ya meza ya Mama Akumu, na ufunguo wa chumba ulikuwa mjini na Prossy. Na Mama Akumu naye hakuweza kuinuka, kwa sababu njia ya kurudi langoni ilipita ukingoni mwa bwawa, uso kwa uso na mananasi. Wote wawili walikuwa wamefungwa, mmoja kwa maji na mwingine kwa ukuta, na aliyewafunga ni heshima.

Cornelius alikuwa bado anatafuta njia Sydney alipotoka majini mbio, akichuruzika.

"Nyanya! Nyanya! Hatukuja kwako!"

Kina mama wakageuka wote. Mama Akumu akamkumbatia mjukuu wake na maji yake yote, bila kugeuza kiti.

"Mama Akumu, hawa watoto ya nani?" akauliza Mama Mugeni, mwenyekiti wao, mwanamke mwembamba asiyependa jambo lipite bila maelezo.

"Ya binti yangu Athieno. Amewaleta watembee."

"Na baba yao iko wapi?"

Cornelius akazama mpaka puani.

"Baba yao ni mtu ya heshima," Mama Akumu akasema, kwa ile sauti yake, ukutani, ili kila mtu asikie, hata aliyemo majini. "Yule hawezi kuja Tororo bila kuniambia."

Neno hilo lilimpata Cornelius pale alipokuwa. Hakujua kama maji yalikuwa yamepoa ghafla au ni yeye.

Semina ikaendelea. Mama Mugeni alifundisha juu ya watoto wasiosema ukweli. Mzee Akol akasogea ukingoni.

"Mzee, saa moja nimekwisha."

"Bado kidogo, mzee wangu."

"Wewe nakaa tu hapo kama kiboko. Hapana ogelea, hapana toka. Nagonjwa?"

"Ninapumzika."

Akol akamkazia macho, akavuta kiti karibu, filimbi mkononi.

Bridgit alikuwa msichana wa kuelewa mambo kabla hajaelezwa. Alimtazama baba yake, akautazama mgongo wa nyanya yake, akaenda mezani akanong'onezana naye. Kisha akarudi, akachutama ukingoni.

"Baba, nyanya anauliza kama maji yana baridi."

Cornelius akafikiri. Wazee wa Merikit hawakuwahi kusema lolote juu ya maneno yanayobebwa na mtoto. "Mwambie si mabaya."

Bridgit akaenda, akarudi. "Anauliza ule mguu uliokuwa unakusumbua mwezi wa nane ulipona?"

"Nani alimwambia habari za mguu wangu?"

"Anasema alikuombea wiki tatu."

Cornelius akaupapasa mguu chini ya maji. "Mwambie ulipona. Mwambie asante. Muulize na presha yake."

"Anasema presha ilikuwa nzuri mpaka leo saa nne."

Hivyo ndivyo walivyozungumza. Bridgit alikwenda na kurudi, nyayo zake zikichora njia ya maji sakafuni. Mama Akumu aliuliza kama shati halikushonwa kubwa mno. Cornelius akajibu linamtosha sawasawa, ingawa kweli lilikuwa linawatosha wawili. Cornelius aliuliza kama lile paa la jikoni lilizibwa. Mama Akumu alisema limezibwa, ila mizani ya kikundi chao cha njugu inadanganya, na amekuwa akitaka kumwomba fundi aitazame tangu mwaka juzi, lakini angemwambiaje mtu anayekuja na koti lake, akala, akakohoa, akaondoka? Katika miaka kumi na miwili ya kukaa vizuri hawakuwahi kuambiana robo ya mambo hayo. Cornelius, shingo nje ya maji, alianza kumpenda mama huyo, tena kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake ni ndugu.

Lakini maji hayajali ukwe. Saa sita kasoro wingu lilishuka kutoka mwambani na upepo ukavuma. Vidole vya Cornelius vilikuwa vimekunjamana kama maharage yaliyolowekwa. Mama Mugeni akatangaza kwamba chakula kitaletwa hapo hapo na watakaa mpaka saa kumi. Meno ya Cornelius yakaanza kugongana. Bridgit akaona, akakimbia mezani.

Mama Akumu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, uso ukutani.

"Kina mama! Kabla ya chakula tuombe. Simama yote. Geuka angalia huku kwa ukuta, pamoja na mimi. Fumba macho. Hata wewe, askari ya maji."

Viti vikasukumwa. Akol akavua kofia. Na Mama Akumu akaanza. Aliombea chakula, akawaombea wapishi, akaiombea hoteli na umeme wake. "Na yule mtoto wako mmoja, Bwana, yule yuko mahali ya shida, amezungukwa pande yote. Fungua njia yake. Sasa, Bwana. Sasa hivi. Ainuke atembee!"

"Ndiyo, Bwana," wakaitikia kina mama.

"Kwa jina la Yesu. Amina."

Cornelius akafumbua macho. Alikuwa bado majini.

Tangu utoto wake, neno "tuombe" lilipotamkwa, kichwa chake kiliinama na macho yake yakafumba yenyewe. Hata alikuwa ameitikia "Ndiyo, Bwana" kwa moyo wake wote, akimhurumia yule mtu wa shida, yeyote yule. Mbele yake alisimama Bridgit, mikono kiunoni.

"Aki baba! Hiyo sala ilikuwa yako!"

Bridgit akaenda kutoa ripoti. Cornelius akauona mgongo wa mama mkwe wake ukipanda na kushuka mara moja, kwa pumzi ndefu.

"Kina mama," akasema Mama Akumu, "Roho ananikumbusha. Tumesahau wagonjwa."

"Mama Akumu, chakula inapoa," Mama Mugeni akamwambia.

"Chakula itapoa. Na wagonjwa je? Simama, dada yangu. Fumba."

Bridgit akarudi mbio, akainama sikioni mwa baba yake. "Nyanya anasema wewe usiombe. Ataomba yeye. Wewe utembee."

Sala ya pili ikaanza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Cornelius Odwori alitembea wakati jina la Mungu linatajwa, macho wazi, mananasi yakichuruzika. Alipanda ngazi akijisikia kama mtu aliyekuja kuiba sadaka. Aliona asichowahi kukiona: migongo thelathini na kitu ya waumini, na mzee Akol ameweka kofia kifuani, midomo yake inatikisika naye akiwa na wagonjwa wake. Alipofika mezani, mkono wa Mama Akumu ulikuwa nyuma ya mgongo wake, juu ya nguo zilizokunjwa vizuri. Ukazisukuma taratibu mpaka ukingo wa meza. Cornelius akazichukua. Hawakugusana.

Mama Akumu aliwaombea wagonjwa wa Tororo, wa Mbale, wa Busia zote mbili. Aliposikia bado kuna maji yanadondoka sakafuni, akahamia kwa wa Kampala. Alikuwa amewafikia waliolazwa ng'ambo wakati mlango wa choo cha nyuma ya jikoni ulipofungwa. Hapo akasema Amina.

Mzee Akol akavaa kofia, akatazama maji, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. "Kiboko nimepotea!"

"Mungu amejibu," Mama Akumu akasema, na hatimaye akakigeuza kiti chake.

Prossy aliporudi na nywele zake mpya, akamkuta mumewe koridoni amevaa shati la njiwa lililolowa, akasimuliwa yote na Bridgit, hakusema "nilikuambia." Alikwenda chumbani, akafunga mlango, na Cornelius alimsikia akicheka ndani ya mto kwa muda mrefu.

Mbuzi hakuhitajika, kwa kuwa hakuna aliyeonekana. Lakini siri haikuwapo tena. Semina iliendelea Jumapili baada ya ibada, na Mama Akumu akaagiza kwamba, madhali wajukuu wameletwa mlangoni pake na mtu asiyejulikana, atakaa nao bwawani mchana kutwa. Cornelius alipiga pasi suruali yake, akaazima koti la meneja, akaenda kuketi mapokezi, kwenye kiti kinachotazama ukuta wenye kalenda. Likizo aliyoipanga miaka miwili sasa ilikuwa nyuma yake, hatua ishirini hivi, nayo ilikuwa ikirusha maji.

Akasikia kicheko. Kilikuwa kicheko kinene cha mwanamke, kilichoanzia tumboni na kisichokuwa na breki.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mama," Prossy akajibu, akiwa ameegemea dirisha. "Ametia miguu majini. Sydney anamrushia, naye anamrudishia. Ee! Kitambaa cha kichwa kimekwenda." Akamtazama mumewe. "Usigeuke."

"Sigeuki."

Na hakugeuka, ingawa shingo ilimuuma kwa hamu. Aliusoma mwezi wa Oktoba kuanzia tarehe moja mpaka thelathini na moja, akarudi mwanzo.

Baadaye kidogo nyayo za maji zikaja mpaka kitini pake.

"Baba, nyanya anasema ni kweli, maji si mabaya."

Cornelius alifikiri sana juu ya jibu. Lile neno la mtu wa heshima lilikuwa bado limo moyoni mwake, halijayeyuka. "Mwambie ile mizani ya njugu nitaitazama kesho, mtu ailete hapa langoni. Na mwambie anisamehe. Mwaka ujao tukija, tutamwambia mapema."

Bridgit akakimbia. Kicheko kikasikika tena, safari hii kirefu zaidi, kikafuatwa na filimbi ya Akol. Kisha nyayo zikarudi, zikihema.

"Anasema amekusamehe. Lakini anasema tafadhali msimwambie. Mje kwa siri hivi hivi."